TAHADHARI: Yule "fundi" wa glovu nyeupe ni tapeli, msimpelekee bastola zenu

Jamani, nimekaa siku nne najiuliza niandike au ninyamaze, maana aibu ni yangu mwenyewe. Jana nikasikia kuna mwenzetu mwingine yuko mbioni kumpelekea bastola yake, nikaona bora nichekwe. Jina simtaji. Mnamjua.

Ile siku mliona wenyewe. Bastola yangu imekwama mbele ya watu wote, nikagonga kitako cha magazini, kile kisanduku cha risasi, nikavuta slaidi, kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, ikapiga mbili, ikakwama tena. Risasi ilikuwa inatoka kwenye magazini imeinamisha pua, inajikita kwenye ule mtelemko wa kuingilia chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu linalokaliwa na risasi, slaidi inasimama nusu njia. Nani alinipa namba ya huyu bwana baada ya hapo, tuyaache, naye ameshaniomba radhi.

Sasa msianze kuniita mjinga kabla hamjasikia. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutoa magazini, kuvuta slaidi nyuma, kutazama chemba, kisha akaingiza kidole kidogo kuhakikisha haina kitu. Akanigeuzia na mimi nitazame. Tapeli gani ana adabu hiyo ya silaha? Akatandika mkeka, akapanga vibakuli vya skrubu na pini, akavaa glovu. Akaniuliza: inakwama risasi za mwanzo au za mwisho? Maganda yanarukia wapi, kulia au yanakurudia usoni? Umeshapiga risasi ngapi tangu ubadilishe springi ya slaidi? Hayo ni maswali ya mtu anayejua kazi. Nikajisemea leo nimefika.

Akatingisha kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Mkuu, springi yako imekufa. Kikucha cha kung'oa ganda nacho kinahitaji kunolewa. Na huu mtelemko una mikwaruzo, lazima niusugue ung'ae." Akatoa kimfuko cha plastiki, ndani springi mpya inateleza mafuta, akanishikisha. "Hii ya kiwandani, si zile za kugushi." Nikaigeuza geuza mkononi kama najua ninachotafuta, nikamrudishia. Hapo ndipo nilipoliwa.

Akageukia meza ya nyuma kwenye taa, akanipa mgongo. Kamashine ka msasa kakalia kama nyuki kwenye chupa. Robo saa hivi. Alipogeuka bastola ilikuwa imeshafungwa, inang'aa, akaniwekea kiganjani. "Vuta mwenyewe, mkuu. Unaona ilivyo laini?"

Na kweli ilikuwa laini! Slaidi ilirudi kwa vidole viwili. Jamani, nilicheka kwa furaha. Nilimwita mwalimu. Mimi huyu, ninayewasumbua vijana kila wiki kuhusu matunzo ya silaha, nimesimama pale namwita tapeli mwalimu.

Akachukua magazini kutoka kwenye droo yake, akajaza risasi bandia sita, akavuta slaidi kwa mkono, zikaingia na kuruka nje moja moja, tak, tak, tak. Zote sita. Nikalipa bila kuomba apunguze, na juu nikamwongezea. Nikanunua na magazini mbili alizosema ni halisi.

Nilimpelekea ugonjwa mmoja, akanirudishia matatu. Siku ya kwanza uwanjani slaidi haifungi hadi mwisho, inabaki milimita mbili tatu mpaka niisukume kwa kiganja. Ganda linang'olewa nusu, linabanwa kwenye dirisha la kutokea maganda limesimama kama mshumaa. Yale yanayofanikiwa kutoka yanaruka mbali ajabu. Nikadhani ni mimi, labda nimelegeza kifundo cha mkono, maana hilo nalo husababisha kukwama. Nikakaza mkono. Wapi.

Ndipo nikaokota ganda moja. Chini karibu na kitako, upande ule unaokalia mtelemko, lilikuwa limevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Nikaweka bastola chini, mikono inatetemeka, na tangu hapo sijaipiga. Yule mtu alisugua mtelemko mpaka akala ukuta wa chemba unaolishikilia ganda. Risasi ya 9 × 19 inaruhusiwa kufika shinikizo la megapaskali 235, yaani zaidi ya mara 2,300 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, na ganda ni shaba nyembamba tu. Likipasuka hapo, moto na vipande vinashukia magazini na mkono uliokamata. Mkono wangu! Huyu si mwizi wa kawaida. Huyu anatakiwa akae ndani.

Mzee wetu ndiye aliyeifungua. Akalaza ile springi kando ya mpya aliyokuwa nayo. Yangu ilikuwa fupi kwa mizunguko miwili, na ncha moja imekatwa kwa koleo, kali, haijalala bapa kama ya kiwandani. Na ilikuwa na kidoa cha kutu ninachokijua, kwa sababu ni springi yangu ya zamani! Alinishikisha mpya, akarudisha ya zamani, akaikata ili niione "laini". Ulaini ule ndio unaofanya slaidi ikose nguvu ya kurudi, na ikienda nyuma inabamiza fremu, yaani mwili wa bastola. Kikucha nacho alikinoa mpaka hakishiki tena ukingo wa ganda.

Sasa subirini kinachouma zaidi. Mzee akaniuliza swali moja: "Siku ile ilikuwa inakwamia magazini namba ngapi?" Namba nilizoandika mimi mwenyewe kwa rangi nyeupe, nikiwaambia kila mtu aandike. Sikuwahi kuangalia. Tukazitoa zote, tukasukuma kwa kalamu kile kisahani cha ndani kinachopandisha risasi. Namba 1 kikarudi juu upesi. Namba 2 vivyo hivyo. Namba 3 kikashuka vizuri, kikirudi kinasitasita katikati, penye kibonyeo nilichokisababisha mimi nilipoiangusha kwenye saruji. Risasi zinachelewa kupanda, slaidi inaikuta ya juu bado imeinama. Ndiyo hiyo tu. Bastola haikuwa na tatizo lolote. Ilikuwa ni kutupa magazini moja.

Na yule bwana alijua! Ndiyo maana majaribio aliyafanya kwa magazini yake, yangu akaiweka pembeni kimya kimya. Tena kuvuta slaidi kwa mkono na risasi bandia hakuthibitishi kitu, mkono hauna msukumo wa baruti.

Mnaouliza ningejuaje: hakunirudishia kipuri chochote cha zamani. Magazini zangu hakuzikagua. Alifanya kazi amenipa mgongo, na hakutaka twende tukaipige risasi za kweli pamoja. Mengine nitayakumbuka, kwa sasa nina hasira. Zile magazini mbili "halisi" hazina hata alama ya kiwanda, na moja haidondoki ukibonyeza kitufe.

Nimempigia, akapokea mara moja, akasema "mkuu, umeichokonoa mwenyewe", akakata. Sasa hapatikani. Mtu kama huyu anyang'anywe vifaa, afikishwe kwa wanaotoa leseni za ufundi, alipe mtutu mpya na fedheha yangu juu. Taarifa nimeshaandika. Springi, ganda lililovimba na kile kimfuko cha plastiki nimevifunga kwenye bahasha. Na wewe uliyeniambia juzi kwamba kakusugulia mtelemko, usiipige tena hiyo bastola. Toa mtutu, lete na maganda uliyookota, tutazame vitako vyake.