Kutafuta taarifa za baruti za bunduki zisizotengenezwa tena: uzoefu wangu, Dodoma

Naanza na hukumu ili asiye na muda aondoke mapema. Ukirithi makopo ya baruti ya zamani ya bunduki, usitoe hela yako kununua vitabu vya wakati huo ukidhani ndiyo vitakwambia cha kufanya nayo. Iandikie kampuni inayomiliki jina la baruti hiyo kwa sasa. Ni bure, na kwangu ndiyo iliyosaidia.

Mzigo wenyewe ulitoka Itigi, kwenye stoo ya marehemu baba mdogo aliyefanya kazi miaka mingi na wawindaji wa kitalii upande wa Rungwa. Bunduki ilikabidhiwa polisi mapema, wakati wa mirathi. Lililosahaulika ni sanduku la bati chini ya magunia: kopo la baruti ya Hercules HiVel Na. 2, kopo jingine lililobanduka karatasi na juu ya kifuniko pameandikwa kwa kalamu "4831" basi, maganda matupu ya .404 Jeffery (risasi ya bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa), na risasi chache za Kynoch, kampuni ya Uingereza. Wazee wakasema mimi niliye mjini na mwenye bando nitafute ni vitu gani.

Kabla hujauliza: hakuna aliyekuwa na mpango wa kujaza risasi. Hapa kwetu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na mambo haya si ya kujifanyia uani. Kwa Wamarekani kujaza maganda upya ni starehe ya wikiendi, ndiyo maana karibu kila kilichoandikwa kimetoka kwao.

Nilianza na faili la PDF lililouzwa mtandaoni kama mwongozo kamili. Nyota moja, na hiyo moja ni ya huruma. Aliyepiga picha kurasa amekata pembeni, kwa hiyo kwenye majedwali ya kiasi cha baruti cha kutia kwenye ganda tarakimu ya mwisho haipo. Baruti hupimwa kwa greni, na greni 7,000 ndizo zinazofanya ratili moja. Yaani gramu moja ni greni 15 na ushee. Kwenye kipimo kidogo namna hiyo, jedwali lililokatwa tarakimu ni bora lisingekuwepo kabisa. Muuzaji hakujibu hadi leo.

Kitabu halisi, cha mitumba kutoka Uingereza, kilifika Posta salama ingawa nauli yake ilizidi bei ya kitabu. Hiki nakipa nyota tatu. HiVel niliikuta humo imeelezwa vizuri: ya Hercules wa Marekani, na imeachwa kutengenezwa tangu miaka ya 1960. Biashara ya baruti ya Hercules yenyewe ilihamia mikononi mwa kampuni ya Alliant mwaka 1995, hivyo unajua pa kugonga hodi. Kwa kutambua kitu, kitabu kinafaa. Kwa vipimo vyake, hapana. Wakati ule mgandamizo wa gesi ndani ya bunduki ulipimwa kwa kipande cha shaba kinachobonyea risasi inapolipuka, siku hizi hutumika vihisio vya umeme, na namba za njia hizo mbili hazilingani hata zikionekana zimekaribiana. Waandishi wengine wa zamani hawakuwa hata na hiyo shaba. Waliangalia ganda lililotumika na fataki yake, wakakisia.

Sasa hilo kopo la "4831". Hapa ndipo kitabu kilipoishia na barua pepe ikaanza kufanya kazi. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Bruce Hodgdon alinunua baruti ya ziada ya jeshi la Marekani na kuiuza kwa raia. Mojawapo ilikuwa 4831, ile ya risasi za mizinga ya milimita 20, na wateja wake wakaizoea kwa jina la H4831. Miaka ya 1970 kampuni ya DuPont nao wakatoa IMR 4831. Namba ileile, tabia tofauti: ya DuPont huwaka haraka zaidi. Kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya H4831 ukikitia IMR 4831, mgandamizo unaweza kupita kiwango. Na kalamu ya baba mdogo haikuandika herufi. Kuongezea, H4831 inayouzwa leo inatengenezwa Australia, si ile ya mabaki ya vita, kwa hiyo hata jedwali jipya halilisemei kopo la zamani.

Majina yote mawili sasa yako chini ya kampuni ya Hodgdon, walioichukua IMR mwaka 2003. Jibu nililopata lilikuwa fupi na la kiungwana: baruti isiyo kwenye kopo lake la asili lenye karatasi haina kipimo, iteketezwe. Pia niliulizwa inanukaje. Swali hilo sikulikuta kwenye lile faili wala kwenye kitabu. Baruti nzima hunuka kama dawa ya kutolea rangi ya kucha. Inayoharibika hunuka uchachu unaochoma pua, na hutoa vumbi au moshi wa kahawia. Kopo letu ndani ya kifuniko lilikuwa na kutu nyekundu hadi ukingoni. Stoo ya bati Itigi, jua la Oktoba, unategemea nini? Joto humaliza dawa inayoizuia baruti isioze, na ikishaoza inaweza kujiwasha yenyewe.

Risasi za Kynoch nazo zilikuwa na kordaiti, baruti ya Kiingereza ya nyuzi ndefu kama tambi. Msihangaike kutafuta majedwali yake ya kujazia nyumbani. Kwenye risasi za .303, kwa mfano, kiwandani waliziingiza nyuzi hizo kabla shingo ya ganda haijabanwa, mtu wa nyumbani angezipitishaje? Kordaiti pia hupandisha mgandamizo kukiwa na joto, ndiyo sababu Waingereza walizitengenezea bunduki za Afrika maganda makubwa yenye nafasi.

Jambo moja la nyongeza kwa ndugu zangu wa vijijini, kwa sababu jirani mmoja aliiomba ile HiVel "ya gobore". Gobore linataka baruti nyeusi. Hizi za makopo ya wazungu, zisizo na moshi, zinapasua mtutu usoni mwa mwenye gobore. Tulimkatalia, akanuna, basi.

Sanduku zima tulilisemea kwanza polisi kwa simu, wakaja kulichukua wenyewe. Sikuthubutu kulipakia kwenye basi. Hilo nalo nalipendekeza.

Kitabu bado ninacho. Anayekusanya vitabu vya zamani tuongee bei, ila ajue kurasa za .404 nimezichorachora kwa penseli na jalada la nyuma limeanza kuachia.