Kununua Yufoniamu au Tuba ya Kwanza: Ningeanza na Ipi

Ukipita Vihiga Jumapili asubuhi, bendi ya Jeshi la Wokovu utaisikia kabla hujaiona, na kinachotangulia kukufikia ni besi, yaani tuba. Jeshi hilo liko Kenya tangu 1921, na makao makuu ya upande wa magharibi yako Kakamega, kwa hiyo huku kwetu mtoto akitaka kupuliza tarumbeta kubwa hakuna anayeshangaa. Kazi iko kwenye kununua. Napuliza yufoniamu, ndugu mdogo wa tuba, hapa Kisumu kwa miaka mingi sasa, nimewasindikiza wazazi na viongozi wa bendi kwenda kukagua vyombo, na nimeona pesa za harambee zikipotea kwa sababu mnunuzi alitazama mng'aro tu. Kwa anayeanza, mimi navipanga hivi.

Ya kwanza: yufoniamu ya mtumba, valvu 3, kutoka kiwanda kinachojulikana

Yamaha YEP-201 ni mfano mzuri. Valvu ni zile zinazobonyezwa kwa vidole kubadilisha noti, na pistoni ni sehemu yake ya ndani inayopanda na kushuka. Bomba la yufoniamu likinyooshwa lote hufika kama mita 2.7, na pumzi ya kijana wa sekondari inalitosha bila kumchosha. Kama alianzia koneti, ile tarumbeta ndogo, hana haja ya kujifunza vidole upya: katika bendi za mtindo wa Uingereza, yufoniamu na besi husomewa ufunguo uleule wa koneti, na valvu hubonyezwa vilevile. Vipuri vyake navyo vinaagizika.

Ukiwa na nafasi kidogo mfukoni, tafuta ya valvu 4, kama YEP-321. Valvu ya nne hushusha sauti kwa toni mbili na nusu. Ukiikosa, utabonyeza ya kwanza na ya tatu pamoja, na noti itatoka juu kidogo ya inavyotakiwa. Kuna zenye mfumo wa fidia, aliobuni David Blaikley mwaka 1874, ambazo hujirekebisha zenyewe. Ni tamu sana mkononi, lakini ni nzito na bei yake huzidi ya valvu 3 mara kadhaa. Mwanafunzi asubiri.

Ya pili: baritoni

Hii ni kwa mtoto wa miaka 9 au 10. Urefu wa bomba ni uleule wa yufoniamu, ila ni jembamba na jepesi, mikono midogo inalikumbatia. Akikua anahamia yufoniamu bila shida.

Ya tatu: tuba ya E flati

E flati ni noti yake ya msingi. Kama bendi yenu haina besi kabisa, basi ipandishe hii hadi ya kwanza. Bomba lake lina kama mita 4 na linataka pumzi ya kutosha, lakini mwanafunzi mwenye bidii anaimudu. Fikiria pia usafiri. Kutoka Kisumu hadi Chavakali nimewahi kulipia viti viwili kwenye matatu, kimoja changu na kimoja cha besi, na sikubishana na kondakta kwa sababu buti ingeibonyeza.

Ya nne: tuba ya B flati

Mita 5.5 za bomba, uzito wa kilo 10 hivi. Inunuliwe na bendi na ikae kanisani au shuleni. Kwa mtu binafsi anayeanza, hapana.

Ya mwisho: chombo kipya kisicho na jina

Kinang'aa, kina kasha zuri, na bei yake inashawishi. Shaba yake ni nyembamba, pistoni huanza kukwama mapema, na fundi akitaka kipuri hajui aagize wapi. Nawasihi sana wazazi: bora yufoniamu kuukuu iliyobonyea hapa na pale kuliko hii.

Sasa ukaguzi, na hapa usiharakishe. Vuta bomba dogo la valvu ya kwanza litoke kidogo, lisichomoke, bila kubonyeza kitu, kisha ndipo ubonyeze valvu. Ukisikia "pop" safi, pistoni bado inaziba hewa vizuri. Ukisikia kimya, hewa inavuja, na hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko mahali popote palipobonyea. Fanya hivyo kwa kila valvu. Halafu angalia bomba lile la kwanza, linalotoka kwenye mauthipisi, yaani sehemu ya kupulizia: madoa mekundu au ya pinki maana yake zinki imeliwa kutoka ndani ya shaba, na siku moja patatoboka.

Chombo cha zamani kutoka Uingereza kina mtego wake. Hadi miaka ya 1960 bendi za matarumbeta kule zilipigia sauti ya juu, noti ya A ikiwa na mitetemo karibu 452 kwa sekunde badala ya 440 ya leo. Tofauti hiyo inakaribia robo toni. Bendi moja ninayoifahamu ilipewa besi ya namna hiyo, ikafurahi sana, na wiki ya kwanza ya mazoezi kila mtu akadhani mpulizaji ndiye mbaya. Kijana wa watu alilia. Kwa hiyo nenda na programu ya kupima sauti kwenye simu, vuta bomba la kulinganishia, upige noti iliyo wazi, yaani bila kubonyeza valvu. Ikibaki juu hata bomba likivutwa karibu lote, rudisha chombo kwa mwenyewe.

Mauthipisi nayo ina saizi za shina, ile sehemu inayoingia kwenye chombo: dogo, la kati na kubwa. Mimi niliuziwa ya shina dogo kwa yufoniamu ya shina kubwa. Ilizama ndani kupita kiasi na ikawa inacheza kama jino la mtoto. Beba chombo chenyewe dukani, uijaribu hapo hapo: ikae imara bila kulazimishwa.

Katika bajeti yako acha pesa za mafuta ya valvu. Mafuta ya kupikia huganda ndani na kugandisha pistoni. Na mauthipisi ikinasa, usimkabidhi mtu mwenye plaisi wala fundi wa kulehemu mageti. Tafuta bendi iliyo na kifaa cha kuitolea, hata kama ni kusubiri hadi Jumapili.