4711: subirini jani

Siku ya kwanza nilitaka kuigawa. Shangazi alirudi safari na chupa ya kolonya ya 4711, mililita 50, lebo ya buluu na dhahabu, nami nikajimiminia shingoni kama nijimiminiavyo marashi ya waridi. Limau likanipanda puani, nikafurahi, na kabla sijamaliza kujifunga ushungi limeshakwenda zake. Nikasema haya ni maji ya kunawia uso. Chupa ikakaa kabatini miezi mitatu.

Kilichonirudisha ni mdanzi, ule mchungwa wa matunda machungu. Nilikuwa Pemba kwa bibi, mtoto wa dada ana mafua, nikatumwa uani kuchuma majani ya kumfukizia. Jani la mdanzi hata gizani utalijua: kikonyo chake kimeota kijani kingine kidogo, kama jani lililopanda juu ya jani, na miba haikusahau. Nikalifikicha kiganjani. Mbona hii naijua? Ni ile harufu iliyobaki mkononi siku ile limau lilipoondoka, nami nikaipuuza.

Watengeneza marashi huiita petigreni. Ni Kifaransa, maana yake punje ndogo, kwa kuwa zamani walikeneka vidanzi vichanga. Siku hizi ni majani na vijiti: mvuke hupitishwa humo, ukapozwa, mafuta yakajitenga na maji, kazi ileile wanayoifanyia makonyo ya karafuu pale Wawi, Pemba. Mengi hutoka Paraguay. Na mdanzi huohuo, ukikeneka maua yake unapata neroli. Ndani ya 4711 yamo yote mawili, petigreni na neroli, pamoja na limau, chungwa, bergamoti (nayo ni jamii ya machungwa), lavenda na rozmari. Hiyo namba, kwa anayejiuliza, ni ya nyumba yao mtaa wa Glockengasse, mjini Köln, mji uliotupa neno kolonya.

Sasa nimejua kosa langu. Mafuta ya maganda ya limau na chungwa sehemu kubwa ni limonini, kemikali ya harufu, nayo huruka upesi. Ya majani yana kemikali nyingine, linaloli na asetati ya linalili, ambazo lavenda nayo inazo, ndiyo maana hapa huoni jani linaishia wapi na lavenda inaanzia wapi. Mkononi mwangu limau hukaa dakika kumi. Halafu huja uchungu wa kijani, kama umevunja kijiti kibichi, na nyuma yake ua kwa mbali sana. Si tamu hata kidogo. Hapo ndipo napoipendea, na hukaa kama saa moja na nusu. Kwenye leso ya mkononi niliyoitia asubuhi, nimeikuta hadi alasiri.

Nimelinganisha, jani mkono huu, kolonya mkono huu. Jani lenyewe ni kali zaidi, lina ubichi, kolonya imeoga.

Atakaye harufu ya kuingia nayo harusini, watu wageuke, aiache. Niliitia juu ya nguo iliyofukizwa udi, udi ukaimeza yote. Hii ni ya kaskazi, joto la saa nane, umetoka kuoga: shingoni nyuma na viwikoni, basi. Na asmini inapatana nayo vizuri. Chupa yangu ni ya kumimina, haina mpulizo, na mdomo wake hauna huruma. Nusu ya kwanza niliinywesha sakafu. Mimina kwenye kichupa cha kupuliza.

Muwe macho pia na za bandia. Duka moja mjini waliniuzia ya pili, lebo ileile: limau la sabuni ya vyombo, kisha spiriti, kisha hakuna kitu. Nilisubiri robo saa nzima mlangoni kwao, mkono puani, jani halikuja. Nikawarudishia.

Shangazi juzi kaulizia chupa yake. Nimemwambia imekwisha. Imebaki robo.