Uzoefu wangu: kozi ya ufinyanzi wa gurudumu kwa wanaoanza

Naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja imekwama kwenye ndoo za glezi, yaani ule uji unaopakwa chombo na kugeuka tabaka la kioo motoni; nitaeleza.

Upande wa gurudumu sina la kulalamika. Ni la umeme, pedali yake laini, na udongo ni stonweya, aina ngumu ya kuchomwa kwa joto kali, inayochomwa hadi koni 6 (kipimo cha joto la tanuri), yaani nyuzi 1,220 hivi za Selsiasi. Kwa kikombe unapimiwa kama gramu 450. Kiasi hicho ndicho. Anayeanza akipewa kilo nzima atashindana nayo nguvu tu. Udongo unakandwa vizuri kwanza, maana kiputo cha hewa kikibaki ndani, ukuta huyumba ukiuinua.

Kilichonipendeza zaidi ni jinsi mwalimu anavyoshughulikia kitako. Ukishaufungua udongo, yaani kuutoboa shimo katikati kwa vidole, unapima unene wa chini kwa sindano, milimita 6 hivi, kisha unapitisha kidole kutoka pembeni kuja katikati, ukikandamiza, mara tatu au nne. Kitako kisipokandamizwa hupasuka kikikauka, ufa wa umbo la herufi S, na hakuna glezi itakayouziba. Maji nayo yawe machache: yakituama ndani, kitako kinalegea na ufa unapata njia. Kingine, udongo huu husinyaa karibu asilimia 12 hadi mchomo wa mwisho, kwa hiyo kikombe ukifinyange kikubwa kuliko unachokitaka.

Sasa glezi. Maandalizi wanafundisha sawasawa: chombo kilichochomwa mara ya kwanza kinafutwa vumbi kwa sponji yenye unyevu, kwa sababu glezi ikikaa juu ya vumbi au mafuta ya vidole hujikunyata motoni na kuacha mabaka. Kitako kinapakwa nta ili glezi isishike hapo, chombo kinashikwa kwa koleo, kinazamishwa sekunde tatu.

Tatizo ni ndoo kukorogwa juujuu. Unga wa glezi hutuama chini kama tope. Anayetangulia kuzamisha anapata maji yenye rangi hafifu. Ndoo ikija kukorogwa vizuri baadaye, tope lote linapanda, na anayefuata anapata glezi nzito inayotiririka hadi kugandisha kikombe kwenye rafu ya tanuri. Ndoo ikorogwe mpaka mti wa kukorogea usiguse tena tope chini, ipitishwe kwenye chujio, halafu kigae cha majaribio kizamishwe na kukwaruzwa kwa sindano kupima unene wa glezi. Tabaka lisifike milimita moja. Zinapopandana glezi mbili, mara nyingi huyeyuka zaidi kuliko kila moja peke yake, basi zikutanie karibu na mdomo wa kikombe, na sentimita moja ya chini ibaki tupu.

Ada inajumlisha udongo na michomo yote miwili, na kwa gurudumu peke yake inastahili. Siku ya glezi, omba mti na uikoroge ndoo mwenyewe kabla ya kuzamisha chochote.