Uchambuzi wa Hilux ya zamani: chasisi kwanza, rangi baadaye

Ndugu watazamaji, karibuni. Gari mnaloliona nyuma yangu ni pikapu ya Toyota Hilux ya kizazi kilichoanza kutengenezwa mwaka 1988, yenye injini ya dizeli ya 3L, sentimita za ujazo 2,779, ambayo ninaikarabati hapa uani kwangu Mbagala. Wengi mmeniuliza kama gari la umri huu bado linafaa kununuliwa na kufufuliwa nyumbani. Ninasema linafaa, mradi chasisi yake, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, iwe nzima.

Sisi wa Dar es Salaam tunaishi na upepo wa bahari, na pikapu iliyolala miaka mingi Kigamboni au Kunduchi huliwa na chumvi hata kama haikufanya kazi nzito. Injini iliyochoka ina dawa, kwa sababu ringi, gasketi na nozeli za 3L bado zinapatikana kwenye maduka ya spea ya Kariakoo, na mafundi wanaoifahamu ni wengi. Chasisi iliyooza haina duka lake. Wauzaji wengine huipaka rangi nyeusi nzito ili ipendeze, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Chukueni nyundo ndogo mgonge taratibu kuanzia mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia, ilhali kilichooza hutoa sauti iliyofifia na mara nyingine hudondosha vumbi jekundu. Tazameni kwa makini zaidi sehemu za nyuma springi zinaposhikiliwa, kwa kuwa chasisi ina uwazi ndani, tope likishaingia humo halikauki upesi, na kutu huanza kula kutoka ndani wakati nje bado kunaonekana kuzuri.

Kutu ya juu juu nimeiondoa kwa brashi ya waya, nikapaka dawa yenye asidi ya fosforiki, kisha praima ya zinki na rangi. Palipotoboka, puti ya kuziba matundu haifai hata kidogo. Sharti kukata hadi kwenye chuma safi na kuchomelea bamba la unene unaolingana na wa chasisi. Fundi asianze kuchomelea kabla ya kuchomoa nyaya za betri, na asiguse kabisa mahali palipogongwa namba ya chasisi, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayolitambulisha gari kwenye kadi ya usajili. Na hili nawasihi kwa moyo wote: msiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Udongo wetu wa mchanga hudidimia, kwa hiyo wekeni stendi za kubebea gari juu ya mbao pana na ngumu.

Baada ya chasisi, ninakwenda kwenye breki kabla ya injini. Mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu nayabadilisha yote, pamoja na mipira ya breki, na mafuta ya breki naweka mapya, maana ya zamani yamekwisha kunyonya unyevu wa hewa. Juu ya ekseli ya nyuma kuna vali iliyounganishwa kwa fimbo, ambayo huongeza nguvu ya breki za nyuma mzigo unapokuwa mzito. Vali hiyo ikiganda, pikapu iliyojaa saruji haisimami inavyotakiwa, na mafundi wengi huiruka.

Kuhusu injini nitasema machache. Mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa vali na wa pistoni, hubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka kukukumbusha. Ila kwa gari ambalo historia yake haijulikani, mkanda ubadilishwe mara moja bila kuitegemea taa, kwa sababu ukikatika unaweza kupinda vali za injini. Rejeta isafishwe au ibadilishwe, kwani kuchemsha katika foleni ya Barabara ya Kilwa ndiko kunakopasua silinda hedi.

Rangi ya bodi iwe kazi ya mwisho kabisa, tena ingojewe mvua za masika ziishe, kwa sababu unyevu mwingi huifanya iwe na ukungu mweupe badala ya kung'aa. Mkibadilisha rangi ya gari, toeni taarifa Mamlaka ya Mapato (TRA) ili kadi ilingane na gari lenyewe.

Kwa mwenye ua, vifaa vya kawaida na njia nyingine ya kujipatia riziki wakati gari limelala juu ya stendi, ninaipendekeza pikapu hii bila kusita. Anayehitaji kubebea mizigo wiki ijayo atafute iliyo tayari barabarani, hata kama bei yake ni kubwa zaidi.