"Ni udongo tu": uzoefu wangu katika chuo kidogo cha sanaa

Nimekaa na hasira hii muda mrefu nikidhani itapoa. Haijapoa, basi naandika. Jina la chuo sitalitaja, maana ndani yake wamo watu ninaowaheshimu mpaka leo, na wako wachache mno.

Nilikwenda kusomea ufinyanzi. Nyumbani walinishangaa. Mimi ni mtoto wa Kyela, na bibi yangu mzaa mama ni Mkisi wa Ikombe, kule ambako wanawake hufinyanga vyungu na kuvivusha Ziwa Nyasa kwa mitumbwi hadi soko la Jumamosi pale Matema. "Yaani unakwenda kulipa ada ili ufundishwe kufinyanga?" mjomba aliniuliza, na swali lake lilikuwa la haki. Nilichokifuata ni vile ambavyo bibi hakuwa navyo: gurudumu, glezi, ile rangi inayogeuka kioo motoni na kuziba udongo, na tanuri la umeme linalofika nyuzi 1,000 na kupita. Nilitaka kutengeneza bakuli lisilonyonya mchuzi, mtu alitumie mezani miaka na miaka. Chuo kilituahidi hayo yote, na ada ya vifaa tuliilipa mwanzoni kabisa, mbali na ada ya masomo.

Muhula wa kwanza wote tanuri lilifunikwa turubai. Wa pili liliwashwa mara moja, au mbili kama nimesahau. Shida ilikuwa luku, yaani umeme wa kulipia kabla. Tanuri lile linakula uniti usiku kucha, na kila tulipokwenda kwa mhasibu tuliambiwa fungu halijaingia. Sasa ada yetu ya vifaa ilikuwa fungu gani? Vyombo vyetu vikakaa rafuni vibichi, na chombo kibichi ukikigusa vibaya tu mdomo unabaki mkononi mwako.

Wakati wa masika bibi akanitumia udongo. Alimkabidhi kondakta wa basi kiroba kizima, kimefungwa kwa kamba ya mgomba, na ndani akatia kokoto yake ya kung'arishia, ile laini aliyoitumia tangu mimi mdogo. Siku hizi hawezi tena kushuka machimboni. Alikaa juu akawaelekeza wajukuu wachimbe wapi. Udongo ule niliufinyanga kwa mkono, sikugusa gurudumu. Niliuweka juu ya kigae nikawa nakizungusha polepole kama yeye afanyavyo, nikapandisha mtungi mmoja mkubwa wenye shingo nyembamba. Kuung'arisha peke yake kulinichukua siku tatu. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, na nasema hivi bila kuona haya.

Halafu zikaja habari za wageni. Kuna watu wa kufadhili chuo walikuwa wanakuja, na yakatakiwa maonyesho. Ghafla uniti zikapatikana! Mkufunzi wetu wa ufinyanzi alikuwa amesafiri kwenda msibani. Kazi ya kupakia tanuri akaishika afisa mmoja wa utawala pamoja na fundi umeme, na wakataka vyombo vyote vitoke kesho yake jioni.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na mfinyanzi anajua kwamba chombo kikionekana kimekauka si lazima kiwe kimekauka. Unakiweka shavuni. Kikikupa ubaridi, maji bado yamo. Bibi hufanya hivyo, na mkufunzi wetu hufanya hivyo hivyo, ingawa hawajaonana maishani. Maji yaliyobaki ndani yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Ukipandisha moto taratibu, mfuniko ukiwa wazi kidogo usiku mzima, unatoka kwa amani kupitia vitundu vya udongo. Ukipandisha kwa pupa unapasua chombo, na vipande vyake vinavunja na vya jirani.

Masika yale hewa yenyewe ilikuwa imelowa. Niliweka mtungi wangu shavuni, ukanipa baridi. Nikamfuata afisa. Nilimwamkia vizuri, nikamwambia, "Mzee, havijakauka. Tukivichoma leo vitapasuka. Tuanze walau na moto mdogo mpaka asubuhi." Hakunitazama. Aliendelea kuandika kwenye simu yake, akasema kuna ratiba. Nikaomba nitoe wangu. Akasema kila kitu kinaingia, wageni wanataka kuona tanuri limejaa.

Mlipuko wa kwanza ulisikika hata saa moja haijapita. Mlio wake si mkali, ni kama mtu anadondosha mfuko wa unga chumba cha pili. Tulikuwa nje, wanafunzi 14, tumesimama. Kila mlio mtu anataja kazi yake: huo wa nani, huo wa nani. Fundi umeme alitaka kuzima, afisa akakataa. Walipokuja kuzima vipande vilikuwa vimerukia nyaya, na ndani ya tanuri kulikuwa na kifusi. Nilichambua kile kifusi kwa mikono. Udongo wa bibi nilitambua rangi yake, mwekundu kuliko wa chuo. Nilipata shingo nzima na kipande cha kitako.

Afisa akapita nyuma yangu akasema, "Ni udongo tu, binti. Si mtafinyanga vingine."

Maneno hayo ndiyo tathmini yangu yote. Mengine nayasamehe: bweni lililovuja, gurudumu moja kati ya manne linalofanya kazi, maktaba yenye kabati moja. Lakini mtu anayesimamia chuo cha ufundi wa mikono, akasimama juu ya kazi ya watu 14 akaiita udongo tu, amekaa pale anafanya nini? Basi na kitambaa ni uzi tu, na mlango wa Lamu ni ubao tu. Tanuri halikutengenezwa tena kwa muda wote niliobaki pale. Ada ya vifaa hatukurudishiwa. Kwa hiyo ukiniuliza kama uende, jibu langu ni usiende.

Ila lazima niseme na yaliyofuata, nisije nikawa mwongo.

Mkufunzi alirudi kutoka msibani, akatukuta tumenuna. Hakusema neno kuhusu tanuri. Alituchukua wote hadi nyuma ya karakana akatuchimbisha shimo, akatuma watu mashineni walete magunia ya pumba za mpunga. Siku hizo ndipo alipotuonyesha picha za kazi za mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Mama huyo alikwenda kujifunza Nigeria kwa wafinyanzi wa Abuja, mji ambao leo ni Suleja. Huko alifanya kazi Ladi Kwali, mfinyanzi ambaye sura yake imo kwenye noti ya naira 20. Nililisoma hilo mara mbili. Mfinyanzi kwenye noti!

Odundo hatumii gurudumu, na vyombo vyake hana haja ya kuvipaka glezi. Anapandisha kwa mkono na kung'arisha, kama bibi. Akichoma kwenye moto wenye hewa, chombo kinatoka na rangi ya chungwa. Akikirudisha kwenye moto ulionyimwa hewa, moshi unaingia ndani ya udongo na chombo kinatoka cheusi tititi. Sisi tulifanya kwa pumba, siku mbili usiku na mchana, tukipokezana kulinda shimo. Tulipofukua, kati ya vyombo 20 na kitu vilivunjika vitatu. Cha kwangu kilikuwa kidogo, kimetokana na udongo uliobaki chini ya kiroba, na kilitoka cheusi chenye mng'ao kama maji ya usiku. Nililia mbele za watu. Katika wiki ile nilijifunza zaidi ya mihula yote iliyotangulia, na sijui ningeyapata wapi pengine.

Kwa hiyo labda uende. Kama mkufunzi yule bado yuko, nenda. Lakini kabla hujalipa chochote omba ufunuliwe turubai, uone nyaya za tanuri kwa macho yako, na uulize uniti zinanunuliwa na nani.

Nilipokuwa naondoka niliona bango jipya getini. Picha ni ya shimo letu, moshi unafuka, na mikono inayofukua ni yangu. Wameandika kwamba chuo kinafundisha uchomaji wa asili. Damu ilinichemka upya.

Binti wa mamdogo ameniuliza juzi kama ajaze fomu ya kujiunga. Nilimwambia ajaze. Asubuhi yake nikampigia, nikamwambia angoje kwanza.