Hombolo na watoto wanne: shamba nyota tano, ratiba nyota mbili

Huu ni mwaka wangu wa saba Dodoma, tangu wizara yetu ihamie huku, na ninaona aibu kusema kwamba zabibu nilikuwa nazijua kwenye ndoo za kandokando ya barabara tu. Unashusha kioo, unapunguziwa bei, unaondoka. Wifi yangu, mke wa kaka, alipopiga simu kwamba anakuja na wanawe wawili kuona maonyesho ya wakulima ya Nanenane, nikasema mwaka huu hatuishii Nzuguni kuangalia ng'ombe na matrekta. Tunakwenda kwenye mizabibu yenyewe, Hombolo, nje ya mji.

Wao walitoka Dar kwa SGR, na hapo sina neno. Treni ya kawaida walilipa 31,000 mtu mzima, mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili nusu yake, mdogo wa hapo bure, na wakafika kabla biskuti hazijaisha.

Kosa lilianza kwangu. Nililipia "kifurushi cha familia" kwa watu fulani wanaotembeza wageni. Siwataji, maana kijana aliyetuongoza ana adabu zake na simtakii mabaya. Elfu 30 kwa kichwa: shamba, kiwanda, kuonja mvinyo, chakula cha mchana. Na kichwa kwao ni kichwa, hata kama kina meno sita. Tulikuwa mimi, wifi, wanangu wa miaka saba na minne, wake wa tisa na miwili. Yule wa miwili alisamehewa baada ya majadiliano marefu. Wifi ni Muislamu, pombe hajawahi kuigusa, akauliza swali ambalo mimi nilipaswa kuliuliza wakati nalipa: "Sasa wifi, mimi na hawa watoto tunalipia kuonja nini?" Kijana akasema ipo juisi ya zabibu. Hiyo juisi tunaisubiri mpaka leo.

Tuliambiwa saa mbili kamili asubuhi. Gari likaja saa tatu na robo, likazunguka mjini kuchukua wageni wengine wawili waliokuwa bado wanakunywa chai, na tulipokunja kushoto pale Ihumwa kuelekea Hombolo jua lilikuwa limeshakaa sawasawa. Kwa watu wazima hiyo ni kero ndogo. Kwa mtoto wa miaka miwili ambaye saa sita lazima alale, siku ilikuwa imeshaharibika kabla hatujaona jani moja.

Halafu kiwanda. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, sikukuu. Mlinzi alitutazama kama watu waliokwenda benki siku ya Idi. Mtu anayeuza safari ya tarehe 8 Agosti anajua tarehe 8 Agosti ni nini, au hajui? Ila nikisema kweli, watoto hawakupoteza kitu pale. Mapipa ya chuma na mabomba yangewashika dakika kumi, kisha ningeanza kusema "usiguse" hadi sauti ikauke.

Shamba ndilo lililotuokoa. Ni la mzee mmoja na mkewe, ekari mbili na ushee, nguzo za miti na waya zimepangwa mistari iliyonyooka. Watoto waliposema shikamoo, bibi akaitikia marahaba, akaongeza "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, akawafundisha kuitikia "mbukwa". Wa miaka minne akaendelea kumsalimia kila mtu hivyo, akiwemo mbuzi.

Kabla ya yote mzee aliwasimamisha watoto mstari mmoja na kuwaonyesha mistari ya kuingia na mistari ya kutoingia. Kule ng'ambo alikuwa amepiga dawa juzi, kwa sababu ya ubwiri unga, ule ugonjwa unaoyafanya majani na zabibu kama zimemwagiwa unga wa sembe. Kwa hiyo huku unakula, kule hugusi. Hili nilimpenda nalo kuliko maelezo yote ya kijana wetu, ambaye alikuwa ameshawapa watoto kichala cha kwanza bila hata kukisuuza.

Akampa kila mkubwa mkasi na kumwonyesha kukata kikonyo, si kuvuta tunda. Zabibu za pale nyingi ni hizi za mvinyo, nyekundu iliyokolea mpaka nyeusi, ngozi ngumu, mbegu ndani. Watoto waliozoea zile za supamaketi zisizo na mbegu walishangaa kwanza, kisha wakagundua kwamba mbegu zinatemeka mbali, na hapo yakaanza mashindano ambayo sitayaeleza. Wa miaka miwili nilimkatia zake vipande kwa urefu. Naomba mzazi asilipuuze hili: zabibu nzima inaziba koo la mtoto mdogo vizuri mno, na shambani hakuna anayekukumbusha.

Mzee akaeleza kwamba Dodoma mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Ukipogoa, unaamka upya. Mbegu yake kuja huku ni habari ya wamisionari Wakatoliki waliotaka divai ya misa. Yeye anauza kiwandani kwa kilo, na kiwanda kisipochukua, zabibu haingoji, inabidi zikamuliwe zikae kama mchuzi. Mwanangu wa miaka saba akauliza: "Mchuzi wa kula na wali?" Mzee alicheka mpaka akakaa juu ya kreti. Lakini ndivyo wanavyouita, mchuzi wa zabibu, na habari ya bei yake na kodi yake aliieleza kwa uso mwingine kabisa, usio wa kuchekesha wageni. Hapo kijana wetu akatazama saa na kusema tuondoke. Ule ndio wakati ambao ningemlipa elfu 30 nyingine anyamaze.

Chakula cha mchana kilikuwa karibu na Bwawa la Hombolo. Perege wa kukaanga, ugali, mlenda. Perege mzuri, mlenda mzuri zaidi, ila tulikaa saa nzima na robo kabla ya sahani ya kwanza, na kivuli kilikuwa cha mti mmoja wenye miiba. Wa miaka miwili alilala juu ya kanga ya mama yake huku wa miaka tisa akipigana na nyigu waliofuata utamu wa mikono yake. Chupa moja ya mvinyo iliyokuwa kwenye kifurushi tulipewa tukaibebe nyumbani. Imeisha, nimeinywa na mume wangu, tamu kidogo kuliko ninavyopenda.

Kwa hiyo wiki mbili baadaye, wifi akiwa ameshaondoka, nilirudi mwenyewe na wanangu. Namba ya mzee nilikuwa nimeiomba. Nilimpigia Ijumaa nikauliza mambo mawili tu: mnavuna, na dawa mmepiga lini. Jumamosi tuliondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, tukawa shambani kabla ya saa mbili, tukamaliza saa nne. Nilinunua kwake zabibu ndoo nzima na kumpa bibi kitu cha sukari. Jumla na mafuta sikufika nusu ya ile ya kwanza, na chakula tulikula nyumbani.

Asubuhi za Agosti kuna baridi na upepo wa vumbi, kwa hiyo masweta, na saa tatu masweta yanavuliwa na kofia zinavaliwa. Mizabibu haina kivuli cha mtu mzima. Viatu vya kufunika mguu, kwa sababu ya mbigili. Mara ya kwanza tulienda na kandambili na nusu saa nzima ilikuwa kazi ya kung'oa miiba. Maji ya kunawa lita tano, mbali na ya kunywa. Choo ni cha shimo, kisafi, lakini mtoto mdogo atataka ushikwe mkono. Nguo nyeupe acheni nyumbani. Nje ya misimu hiyo miwili sioni sababu ya kumpeleka mtoto, atakuta majani na waya.

Ile kampuni ya kifurushi ninaipa nyota mbili, moja ikiwa ya dereva, aliyeendesha taratibu na kubeba mtoto asiye wake. Kama mko watu wazima watupu na hamna haraka, mtafurahi. Mzee na mkewe tano.

Mara ya pili alikuwa anapogoa kipande kilichokwisha kuvunwa, akampa wa miaka minne pingili tatu azipande. Ziko kwenye ndoo iliyotobolewa, karibu na bomba. Mbili zimekauka. Ya tatu imetoa majani manne, na mwenyewe kila jioni anaisalimia "mbukwenyi".